Ukikwama Goma, ubalozi unaweza kukusaidia vipi?

Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wana wateja wengi Kongo. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Rwanda, iko karibu zaidi na Mwanza kuliko na Kinshasa, uliko ubalozi wetu wa Tanzania. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege.

Ubalozi hufanya kazi kupitia serikali inayotambuliwa. Ukikamatwa, ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli inakupa haki ya kuomba ubalozi wako uarifiwe bila kuchelewa. Omba mwenyewe, tena mapema. Ofisa anaweza kukutembelea na kukutafutia wakili, ila hawezi kuamuru uachiwe. Halipi faini, deni wala fidia ya mzigo.

Waasi wa M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari. Mji ukishikwa na waasi, barua ya ubalozi huishia kwenye wizara ya Kinshasa isiyo na polisi wala mahabusu huko. Kuwaandikia waasi rasmi nako kunaweza kuonekana ni kuwatambua.

Tanzania na Kongo ndizo nchi pekee zilizo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kwa pamoja, na ndiyo maana Dar es Salaam ilifaa kuwa mwenyeji wa mkutano wa jumuiya zote mbili, Februari 8, 2025, uliotaka mapigano yasitishwe mara moja. Lakini askari wetu walikuwa Kongo chini ya SADC, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, wakiisaidia Kinshasa. Kupatanisha huku una jeshi upande mmoja ni kazi nzito. SADC ilikatisha jukumu hilo Machi 2025.

Kwa hiyo jiandae kabla ya safari. Acha nyumbani nakala ya pasipoti, namba ya NIDA na namba ya gari lililobeba mzigo. Chukua namba za simu za balozi zetu za Kinshasa, Kigali na Bujumbura. Pasipoti ikipotea Goma, jieleze kwa maofisa wa mpakani na piga simu Kigali upate maelekezo ya hati ya dharura. Usipite njia za panya: suala la hati iliyopotea litageuka kosa la kuingia nchi ya watu kinyemela.

Familia isiyompata ndugu yake itoe taarifa Wizara ya Mambo ya Nje, na pia Msalaba Mwekundu, ambao huzungumza na pande zote za vita. Wasiwape fedha madalali wanaodai wana mtu wao ndani.