Je, wajua kwa nini mchezaji hodari wa kadi za Pokémon huzijua hata kadi asizoziona?

Mchezo wa kadi za Pokémon, ulioanza Japani mwaka 1996, huchezwa na watu wawili, kila mmoja akiwa na fungu la kadi 60 alilolipanga mwenyewe kabla ya kuja mashindanoni. Fungu likishachangwa, mchezaji huchukua kadi saba mkononi, kisha kadi sita huwekwa kifudifudi pembeni bila mtu yeyote kuzitazama. Hizo ni kadi za zawadi, naye huzipata kidogo kidogo kila anapowaangusha Pokémon, yaani viumbe wa kubuni waliochorwa kwenye kadi, wa mpinzani. Tatizo ni kwamba kadi aliyoitegemea huenda imo humo. Kadi iliyo moja tu katika fungu ina uwezekano wa asilimia 10 wa kuangukia kwenye zawadi. Na hata iliyowekwa mara nne, ambao ndio ukomo kwa kadi nyingi isipokuwa zile za nishati ya kawaida, yaani zinazowapa Pokémon nguvu ya kushambulia, uwezekano kwamba angalau nakala moja imeangukia huko ni takriban asilimia 35.

Mtazame mchezaji mzoefu anapotumia kwa mara ya kwanza kadi inayomruhusu kutafuta kitu ndani ya fungu lake. Mgeni huchomoa alichokifuata na kulifunga. Mzoefu hupitisha macho toka mwanzo hadi mwisho, pengine midomo ikicheza kidogo, kwa sababu anahesabu: kadi isiyoonekana ndani ya fungu, wala mkononi, wala mezani, wala miongoni mwa zilizotupwa, haina pa kuwa ila kwenye zile sita. Wala hahesabu zote. Huanza na kadi zilizo pekee, ambazo kukosekana kwake kunabadili mpango mzima, kisha hufuata zilizo mbilimbili, na za nishati huziacha mwisho. Ni lazima afanye haya upesi, kwani raundi ya michezo mitatu kwa kawaida hupewa dakika 50, na waamuzi huwaadhibu wanaochelewesha.

Anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani mchezaji huyo amejaliwa kichwa cha ajabu, lakini utafiti wa kumbukumbu unaelekeza kwingine. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba akili hushika takriban vitu saba kwa wakati mmoja, na mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, aliishusha idadi hiyo hadi vinne hivi. Bingwa naye yumo ndani ya mipaka hiyohiyo, ila “kitu” kimoja chaweza kubeba vingine vingi. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde tano tu, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetokana na mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali sana anayejifunza. Zilipotawanywa ovyo, tofauti yao ilikaribia kutoweka. Bingwa alikuwa ameshaiona mipangilio ya namna ile mara nyingi kiasi kwamba kundi zima la kete lilimwingia akilini kama jambo moja.

Kwa fungu la kadi 60 mambo ni hayohayo. Aliyelicheza kwa miezi analiona kama kazi chache zinazotegemeana: kadi za kushambulia, za kutafutia nyingine, za kuokoa jahazi mambo yakiharibika. Pengo katika mojawapo humjia lenyewe. Mkabidhi fungu la rafiki yake muda mfupi kabla ya shindano, naye ataanza kuhesabu kwa kusitasita. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kubadili fungu usiku wa kuamkia mashindano ni hasara hata kama jipya lina nguvu zaidi.

Hata hivyo, kumbukumbu haitoi isichopewa. Makosa mengi tunayoyaita kusahau ni ya habari ambayo haikuingia kamwe. Mpinzani anatafuta kadi katika fungu lake, anakuonyesha, anaiingiza mkononi, nawe macho yako yako hapo ila akili inapanga zamu ijayo; baadaye kadi ileile inakuangusha, nawe unaiona kama bahati yake. Wacheza karata wa barazani wanalijua hili, kwani anayepiga soga wakati turufu zinatoka hawezi kuzihesabu mchezo ukikaribia kwisha. Kukazia macho kitu kimoja nako kuna gharama yake: katika jaribio la Daniel Simons na Christopher Chabris la mwaka 1999, karibu nusu ya watu waliokuwa wakihesabu pasi za mpira kwenye video hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji.

Kuna pia kumbukumbu ya jambo ambalo bado halijatendwa. Katika Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, kadi nyingi huleta tukio fulani zamu ya mwenyewe inapoanza, na katika mashindano ya ngazi ya juu mpinzani halazimiki kumkumbusha aliyesahau. Wachezaji wengi huweka dadu juu ya fungu, ili wasiweze kuchukua kadi mpya bila kuigusa. Hila hiyo ndogo ina thamani kubwa kadiri siku inavyosonga, maana raundi hufuatana, chakula huliwa kwa haraka, na uchovu huanza kula umakini kabla ya kugusa ujuzi wenyewe.

Kiasi gani kumbukumbu ipimwe ni uamuzi wa waandaaji. Magic huruhusu kuandika maelezo wakati wa mchezo, hivyo kadi za mpinzani ulizoziona mkononi mwake zaweza kukaa kwenye karatasi. Katika mashindano ya Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, karatasi ni ya kuhesabia pointi za uhai tu; yote mengine hubaki kichwani.