Sanaa na Uchumi wa Mji wa Zanzibar: Yasemwayo na Yaliyopo

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba sanaa ya Unguja huishi kwa fadhila za watalii, na kwamba wageni wakipungua, taarab na ngoma zitakosa wa kuzilipia. Historia inakataa. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, miaka mingi kabla ya hoteli kuenea ufukweni. Na mwimbaji wa taarab Siti binti Saad aliporekodi santuri zake mjini Bombay mwaka 1928, waliozinunua walikuwa zaidi watu wa mwambao wetu wenyewe. Hadi leo harusi moja ya mjini huwalipa wapiga ala, mafundi wa vipaza sauti, washonaji wa sare, wapambaji na wapishi wa biriani. Hilo ni soko kamili la ndani, nalo husahauliwa kila tunapoupima uchumi kwa fedha za kigeni peke yake, jambo ambalo naliona ni dhulma kwa wanaolitegemea.

Wengine huamini kwamba tamasha likijaza watu limekwisha kujilipia. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004 na ambalo Ngome Kongwe imekuwa kitovu chake, huwavuta wageni wanaolala, kula, kukodi teksi na kununua kanga. Lakini fedha hizo huingia mifukoni mwa wafanyabiashara wa mji, si katika hazina ya waandaaji. Ndiyo maana mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, ingawa wapenzi wake walikuwapo.

Wapo pia wanaosema kuhifadhi nyumba kuukuu ni kuzuia maendeleo. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake ukipigwa saruji, unyevu hunaswa ndani na kuudhoofisha, hivyo ukarabati unawahitaji waashi wanaoijua chokaa na maseremala wanaojua kuchonga milango. Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililo humo na lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, na watu wawili walipoteza maisha. Kijana anayefundishwa kuchanganya chokaa leo anajifunza kazi ambayo kuta hizi zitaihitaji kila masika yakipita.