Cheti cha ndoa hakimalizi suala la jina

"Si aende na cheti cha ndoa tu!" Shemeji yangu alinikatiza hivyo Jumamosi, kwenye harusi hapa Houston, nikiwa namweleza bibi harusi kwamba mwanamke akichukua jina la mume, hati zake zinaweza kutolingana anapojiandikisha au kupiga kura. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Mimi ni mwandikishaji wa wapigakura wa kujitolea, niliyeteuliwa na kaunti, na wanaoumia kwa kauli hiyo ndio ninaokaa nao mezani. Shemeji, soma hadi mwisho.

Kwanza, watu wanachanganya sheria mbili. Moja inataka kitambulisho chenye picha siku ya kupiga kura. Nyingine inataka uthibitisho wa uraia wakati wa kujiandikisha. Ya kwanza inalinganisha leseni yako ya udereva na daftari la wapigakura. Ya pili inataka jina la leseni hiyo lilingane na la cheti cha kuzaliwa. Mwanamke anaweza kuipita ya kwanza bila taabu, akakwama kwenye ya pili.

Ya kwanza tunayo Texas. Ilipitishwa 2011, ikaanza kutumika 2013, na mwaka huohuo jaji Sandra Watts wa Corpus Christi akaambiwa kituoni kwamba jina lake halilingani. Leseni ilikuwa na jina la ukoo wa kwao katikati. Daftari lilikuwa na jina lake la kati la kuzaliwa. Ilibidi atie saini kiapo kwamba ni yeye. Wendy Davis na Greg Abbott, waliokuwa wakiwania ugavana, nao walitia saini. Lakini wote walipiga kura. Majina yakikaribiana, unaandika herufi za mwanzo za jina lako kwenye kisanduku, basi, na kura yako ni kura kamili. Kwa hiyo nakasirika vilevile nikisikia kwamba mke wa mtu haruhusiwi kupiga kura Texas. Ni uongo, na unawaweka wanawake nyumbani.

Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Kansas waliijaribu kuanzia 2013. Watu zaidi ya 31,000 walizuiwa kujiandikisha kabla mahakama haijaifuta 2018. Halafu ukaja muswada wa SAVE, wa kudai uthibitisho huo Marekani nzima, uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 10 Aprili 2025 kwa kura 220 dhidi ya 208. Watetezi wake husema muswada wenyewe unayaagiza majimbo yaweke utaratibu kwa mtu ambaye majina yake hayalingani. Kweli, umeagiza. Utaratibu wenyewe ukoje, kila jimbo lijipangie.

Sasa tuje kwenye cheti cha ndoa. Kinathibitisha kwamba Fulani alimuoa Fulani siku fulani. Baadhi ya majimbo, California mojawapo, yana nafasi ya kuandika jina jipya humo. Kwingine cheti kinabeba majina ya siku mliyoomba kibali cha ndoa tu, na karani atakisia kwamba umechukua la mume. Aliyeolewa mara moja atavuka. Mchukue mama aliyezaliwa na jina moja, akaolewa akachukua la pili, akaachika, akaolewa tena akachukua la tatu. Leseni yake ina la tatu, cheti cha kuzaliwa kina la kwanza, na cheti cha ndoa ya sasa kinaanzia kwenye la pili. Anahitaji vyeti viwili vya ndoa na pengine hati ya talaka. Hapa Texas cheti kinatoka kwa karani wa kaunti mlikochukulia kibali, hati ya talaka kwa karani wa mahakama ya wilaya, na kila nakala yenye muhuri inalipiwa. Karatasi ya msikitini au kanisani peke yake haitoshi. Aliyeolewa Mombasa au Bukavu, ambaye karani wake yuko ng'ambo, namwonea huruma zaidi.

Na tafadhali, msinitajie REAL ID, ile leseni yenye nyota inayotimiza masharti ya serikali ya shirikisho. Hata mwenye grini kadi, ambaye si raia, anaweza kuwa nayo, kwa hiyo peke yake haithibitishi uraia. Pasipoti ya Marekani yenye jina la sasa inamaliza kazi, kwa aliye nayo.

Wakenya huniuliza kwa nini isitumike namba badala ya jina. Kwetu jina likibadilika namba ya kitambulisho inabaki ileile, na kituoni mashine ya KIEMS inasoma kidole. Marekani haina kitambulisho cha taifa. Kadi ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, ina namba, lakini haina picha.

Kuna shaka moja siiwezi. Baada ya uchaguzi wa 2014, watafiti waliwahoji watu ambao hawakupiga kura katika jimbo la uchaguzi la 23 la Texas. Wengi wa waliotaja kitambulisho kuwa sababu walikuwa nacho, tena halali. Huenda nami, kwa kueleza haya yote, nawatisha watu wa namna hiyo.

Bibi harusi aliniuliza kama abaki na jina la baba yake, kama desturi ya kwetu Pwani. Hilo sikumjibu. Nilimwambia achukue nakala tatu za cheti zenye muhuri wa kaunti. Akibadili jina, aanzie ofisi ya Social Security, ndipo aende kwenye leseni, kisha anitafute tujaze fomu mpya ya mpigakura kwa jina lilelile la leseni, herufi kwa herufi.