Tawakali ni nini hasa?

Ukikaa kibarazani Eastleigh, Nairobi, kwa muda mfupi tu utalisikia neno hili, na aghalabu kutoka kwa mtu ambaye hajafanya lolote. Bodaboda kapakia abiria wawili, helmeti hakuna: "Nimetawakali." Mwanafunzi hajafungua daftari, mtihani ni kesho: naye katawakali.

Tawakali ni moyo kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa matokeo, huku mikono ikiendelea na kazi. Basi.

Mzizi wake ni w-k-l, ule ule uliotupa wakili na wakala. Anayemweka wakili katika mahakama za Milimani haendi kulala. Humpa hati, humtafutia mashahidi, na siku ya kesi hufika. Anachomwachia ni kile asichokiweza mwenyewe. Katika sura ya Aal Imran ya Qur'ani, aya ya 173, waumini wanasema Mwenyezi Mungu ndiye "ni'mal wakil", mbora wa kutegemewa.

Kinachonikera ni hiki. Kiarabu kina tawakkul, na kina tawaakul. La pili ni kutegeana: kila mmoja anamngoja mwenziwe, kazi inalala. Wanachuoni hulitumia kuusema uvivu uliovikwa kanzu. Kiswahili hakiandiki shadda (alama ya kukaza herufi) wala hakivuti irabu hiyo, kwa hiyo wengi wetu tunatamka la kwanza na kuishi la pili.

Tazama mpangilio wa aya ya 159 ya sura hiyo hiyo, iliyoshuka baada ya vita vya Uhud. Mtume (s.a.w.) anaambiwa awasamehe masahaba, awaombee maghfira, ashauriane nao, na akishaazimia, ndipo atawakali. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, naye amepokea kwa sahaba Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda hija bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, na wakifika Makka wakiombaomba. Ikashuka amri ya kuchukua masurufu, Al-Baqara 197. Hadithi isemayo tukimtegemea Mungu kikweli ataturuzuku kama ndege pia husomwa nusu: kweli hurudi jioni wameshiba, lakini asubuhi walitoka viotani. (Ile ya kumfunga ngamia kwanza, ndipo utawakali, tunaijua sote, siirudii.)

Kwa hiyo, ndugu yangu wa bodaboda, vaa helmeti, abiria wa pili mpe mwenzako, kisha sema umetawakali na hakuna atakayekubishia. Ukipenda kwenda hivyo hivyo, Kiswahili kina neno lako: liwalo na liwe.