Kinyume cha polinomia: Banach hahusiki

Msimu wa tasnifu umefika, na idara yetu ya hisabati hapa Dar es Salaam inaendelea kupokea rasimu, pamoja na barua za wapenzi wa hisabati walio nje ya chuo, zenye sentensi ileile: "Opereta ina mwendelezo, haigonganishi vitu viwili, na inafika kila mahali, hivyo, kwa thiorema ya Banach, kinyume chake kina mwendelezo." Ukifungua ukurasa wa pili, opereta yenyewe, yaani kanuni inayopeleka kila kitu cha nafasi moja kwenye kitu cha nafasi nyingine, ni polinomia ya daraja la tatu. (Mwendelezo maana yake: chanzo kikisogea kidogo, jibu nalo husogea kidogo tu.) Hatutilii shaka nia njema ya waandishi. Sentensi ndiyo haipiti.

Thiorema hiyo ya mwaka 1929 inahusu opereta za mstari kati ya nafasi kamili, zile ambamo kila mfuatano wa vitu vinavyozidi kukaribiana una kikomo. Kuitumia kwa polinomia ni kupanda gari la Mbagala wakati unakwenda Mwenge, kwa sababu yote ni daladala. Hoja ya Baire, inayobeba uthibitisho wake, inakupa habari za jirani ya nukta fulani tu. Opereta ikiwa ya mstari, T(x+h) = Tx + Th, kwa hiyo habari hizo unazihamishia popote. Kwenye mchemraba, x³, unajitokeza 3x²h na 3xh², vipande vinavyobadilika kila x inapohama, na uhamisho unakwama.

Wengine hukimbilia Brouwer (1912). Yake, kwamba taswira (majibu yote) ya opereta yenye mwendelezo isiyogonganisha hubeba mpira mdogo kuzunguka kila nukta yake, ni ya vipimo vyenye ukomo. Kwenye ℓ₂, nafasi ya mifuatano ambayo jumla ya miraba ya namba zake ina ukomo (urefu ni kipeuo cha pili cha jumla hiyo), sukuma mfuatano hatua moja kulia, uanze na sifuri: hakuna kinachogongana, urefu haubadiliki, lakini taswira haibebi hata mpira mmoja mdogo.

Hatusemi kwamba kinyume cha polinomia hakiwezi kuwa na mwendelezo. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alisimama ubaoni ofisini kwangu na opereta inayopandisha kila namba ya mfuatano kwenye mchemraba, kutoka ℓ₃ (yenye ukomo ni jumla ya michemraba ya ukubwa wa namba) kwenda ℓ₁ (ni jumla ya ukubwa wenyewe), namba halisi. Nilimwambia afute jina la Banach, abaki na chaki. Akaandika |a−b|³ ≤ 4|a³−b³|, akajumlisha mfuatano mzima, kazi ikaisha kwa mistari miwili. (Thiorema ya kinyume kwa derivativu isingemsaidia: kwenye sifuri derivativu ni sifuri.)

Kisha nikamwomba aweke ℓ₂ pande zote mbili, fomula ileile. Chukua namba 100, kila moja 0.1, zinazofuata zote sifuri: urefu ni 1. Baada ya mchemraba kila moja ni 0.001, na urefu wa jibu ni 0.01. Ukichukua namba k, kila moja 1/√k, urefu unabaki 1 na jibu linashuka hadi 1/k. Majibu yanaelekea sifuri, vyanzo havisogei. Kinyume, juu ya taswira yake, kimekatika hapo kwenye sifuri. Na taswira hiyo si ℓ₂ yote: mfuatano 1/n hauna chanzo. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama ni fomula ileile kweli. Ni ileile, nafasi ndizo zimebadilika, na nafasi ndizo watu hawaandiki.

Sasa utaratibu. Rasimu yenye sentensi hiyo inarudishwa bila kusomwa zaidi. Mwandishi atajaza fomu ya marekebisho, nakala tatu: moja ya idara, moja ya msimamizi, moja abaki nayo. Atataja nafasi ya kuanzia na ya kufikia, kila moja na normu yake (kipimo cha urefu), na kila ukurasa uliobadilishwa usainiwe na msimamizi, si na rafiki wa msimamizi. Muda ni siku 14 tangu tarehe ya muhuri, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Akichelewa, rasimu inasubiri kikao kinachofuata. Ikirudi na kosa lilelile mara ya pili, mwandishi na msimamizi wote wawili wanaitwa mbele ya kamati.

Hatupokei rasimu kwa WhatsApp. Wala barua zinazodai kwamba 0.01 ni ndogo mno kuhesabiwa hazitajibiwa.