Kocha aliyepima kila kitu mazoezini

Waulize makocha wenzangu ni nani kocha mwenye mafanikio makubwa zaidi katika soka la wanawake, watakutajia klabu za Ulaya. Mimi humtaja mtu aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi akifundisha wanafunzi: Anson Dorrance wa Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill. Ana mataji 21 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na jingine la mwaka 1981, kabla NCAA haijaanza kusimamia soka la wanawake vyuoni. Wengi humsifu kwa hotuba za kuwatia wachezaji moyo. Sikatai, alijua kusema. Ila ukiniuliza mimi, nguvu yake ilikuwa kwenye karatasi ya alama za mazoezi, na kwenye kanuni za soka la vyuo zilizoifanya karatasi hiyo iwe na maana.

Alizaliwa Bombay mwaka 1951. Baba yake alikuwa mtu wa kampuni ya mafuta, hivyo familia ilihamahama: India, Kenya, Ethiopia, Singapore, Ubelgiji, na shule ya bweni Uswisi. Ndiyo, Nairobi imo. Alifika North Carolina, akachezea timu ya chuo, akahitimu mwaka 1974 katika Kiingereza na falsafa, kisha akaanza kusomea sheria. Uwakili haukumpata. Mwaka 1977 alianza kuiongoza timu ya wanaume, na mwaka 1979 chuo kikamwongezea ya wanawake iliyokuwa ndiyo kwanza inaundwa. Alizishika zote mbili hadi 1988. Katikati ya hapo, mwaka 1986, alipewa pia timu ya taifa ya wanawake ya Marekani. Kuna misimu mtu huyu alikuwa na timu tatu mkononi, na ndiyo maana sishangai kwamba alihitaji kuandika kila kitu.

Kwa nini chuo kilianzisha timu ya wanawake? Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia. Athari yake kwenye michezo ilichukua muda. Vyuo vingi vilijikongoja hadi miaka ya tisini, vilipogundua kwamba soka ni mchezo mzuri wa kusawazisha hesabu, maana kikosi kimoja kinabeba wasichana wengi. North Carolina ilikuwa imeshatangulia. Lazima tuseme ukweli hapa: kati ya mashindano 19 ya NCAA kuanzia 1982 hadi 2000, Dorrance alishinda 16, wakati wapinzani wengi walikuwa bado wanajenga. Kuanzia 2001 hadi 2023 alishinda matano. Matano ni mengi kwa kocha yeyote, lakini mwendo si ule tena.

Sasa karatasi yenyewe. Wazo alilichukua jirani, kwa Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, ambaye wasaidizi wake walirekodi kila tukio la mazoezi. Dorrance akalihamishia kwenye soka. Mmoja dhidi ya mmoja, kumalizia, mipira ya juu, mbio, mechi ndogo za watu wanne kwa wanne: kila zoezi lina mshindi na aliyeshindwa, na kila matokeo yanaandikwa. Kisha msimamo unabandikwa ukutani. Binti anajua yeye ni wa tatu kwenye kukaba na wa kumi na tisa kwenye kumalizia, na wenzake wote wanajua hivyo.

Linaonekana jambo la kikatili, na kwa timu nyingine litakuwa hivyo. Lakini tatizo alilolitibu tunalijua sote tuliofundisha wasichana: kwenye mazoezi marafiki hawapendi kuumizana, kwa hiyo wanakabiliana nusunusu, halafu siku ya mechi unashangaa kwa nini hawakabi. Msimamo ukutani uliwapa ruhusa ya kumshinda rafiki bila kuonekana wabaya. Pamoja nao kulikuwa na vikao vya mtu mmoja mmoja na kocha, ambapo takwimu ziliwekwa mezani faragha. Dorrance amesema mara nyingi kwamba kufundisha wanaume na wanawake kwa pamoja kulimfunza kuwa ukali unaofanya kazi kwa kundi moja haufanyi kazi kwa jingine. Mengine anayoyasema kuhusu jinsia naona ni ya mahali pale na wakati ule. Hili la vikao nalikubali.

Kitu ambacho watu wa huku hukikosa wanapomwiga ni kanuni. Msimu wa vyuo huanza Agosti na kuisha mwanzoni mwa Desemba, mara nyingi mechi mbili kwa wiki. Kanuni za NCAA huruhusu mabadiliko mengi kuliko za FIFA, na mchezaji aliyetoka anaweza kurudi uwanjani kwa masharti. North Carolina ilikuwa ikicheza na washambuliaji watatu wakibana juu tangu mpira unapoanza, kisha kundi jipya linaingia na kubana vilevile. Msimamo wa mazoezi ndio ulioamua nani yuko kundi lipi. Ukilichukua hilo ukalipeleka kwenye ligi yenye mabadiliko matano, dakika ya 60 timu yako imelala.

Kazi nyingine ya kocha wa chuo ni kutafuta wachezaji, na hapa hakuna ada ya uhamisho. Una ufadhili wa masomo. Kwa miaka mingi timu ya daraja la juu ilikuwa na thamani ya nafasi 14 kamili, na kocha alizigawa vipandevipande: huyu nusu, yule robo, mwingine ajilipie. Kwetu, kipaji kinaonekana UMISETA, michezo ya shule za sekondari, na klabu inakuja na nauli. Kule unakaa sebuleni na wazazi mkizungumzia karo. Mia Hamm alionwa na Dorrance Texas akiwa na miaka 14, mwaka 1987 akiwa na 15 akaichezea timu ya taifa, kisha akaenda Chapel Hill na kutwaa mataji manne. Fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia la wanawake, Guangzhou 1991, Marekani iliifunga Norway 2-1 ikiwa na mabinti kadhaa wa Chapel Hill, ingawa mabao yote mawili alifunga Michelle Akers, aliyesoma Chuo Kikuu cha Central Florida.

Kuna doa. Mwaka 1998 wachezaji wawili wa zamani walimshtaki yeye na chuo kwa unyanyasaji wa kijinsia, yakiwemo maneno kuhusu maisha yao ya mapenzi. Alikana kumnyanyasa mtu. Shauri la kwanza lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2004, la pili mwaka 2008 kwa dola 385,000 na barua ya kuomba radhi. Anayefundisha habari za Dorrance kwenye kozi za makocha akaruka ukurasa huu hawatendei haki wanafunzi wake, maana vikao vile vya faragha ninavyovisifu vinahitaji mipaka iliyoandikwa.

Miaka ya mwisho fainali zilimkataa. Alipoteza ya 2018 kwa Florida State, ya 2019 kwa penalti dhidi ya Stanford, na ya 2022 dhidi ya UCLA baada ya kuongoza 2-0 hadi dakika za lala salama. Mazingira nayo yalikuwa yamegeuka: mwanafunzi anaweza kuhama chuo kwa urahisi, au kuingia ligi ya kulipwa mapema. Mwanzoni mwa 2024 wachezaji wawili wa kwanza kuchaguliwa na klabu za NWSL, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, Ally Sentnor na Savy King, walitoka kwake, na King alikuwa amecheza msimu mmoja tu.

Agosti 2024, siku chache kabla ya msimu, alitangaza kustaafu. Msaidizi wake Damon Nahas akakabidhiwa timu kwa muda, na Desemba akaifunga Wake Forest 1-0 na kuchukua taji. Tangu msimu wa 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja vimewekewa kikomo cha wachezaji 28, na ukomo wa nafasi 14 umeondolewa. Kwa mfumo wa makundi mawili, 28 wanatosha mradi majeruhi wasizidi wanne au watano.