Je, wajua injini ya chesi hutambuaje kwamba kete imenaswa?

Wachezaji wengi wa chesi hapa Kigoma mjini hucheza kwenye simu, kisha huchambua mchezo kwa injini, yaani programu ya kuchambua chesi, kama Stockfish, na wengi huamini kwamba namba inayoonekana kando ya ubao ni hesabu ya kete: +3 ni askofu mmoja wa ziada, -1 ni askari mmoja aliyepotea. Kama ingekuwa hivyo, kete iliyonaswa, yaani iliyofungiwa njia ya kutoka, ingebaki na thamani yake kamili mpaka inapoliwa. Zaidi ya hayo, tangu toleo la 15.1 lililotoka Desemba 2022, +1 ya Stockfish haipimwi tena kwa askari. Maana yake ni kwamba, injini mbili za nguvu sawa zikipambana, upande wenye +1 una uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda.

Wengine hudhani kwamba injini huuona mtego kwa jicho moja. Kwa kweli namba hiyo hutokana na kazi mbili: tathmini, inayoupima ubao jinsi ulivyo sasa, na utafutaji, unaozifuata hatua zinazoweza kuja.

Tuchukue fundi wa Kibirizi aliyeunda mtumbwi ndani ya ua wenye mlango mwembamba. Anayehesabu mbao na misumari ataupa bei kamili, ilhali anayeuliza utafikaje ziwani atasema haufai kitu. Injini za zamani zilikuwa mhesabu mbao aliyepewa orodha fupi ya milango myembamba: askofu mweupe aliyekula kwenye mraba wa a7 (safu ya a, mstari wa 7) huku askari mweusi akisimama b6 alikatwa alama, kwa sababu mtunzi wa programu aliiandika kanuni hiyo kwa mkono. Mtego usiokuwamo katika orodha ulisubiri utafutaji. Tangu Stockfish 12, ya Septemba 2020, tathmini hufanywa hasa na mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, uliofunzwa kwa mikao (mipangilio ya kete ubaoni) mingi mno, nao hutambua mitego ambayo hakuna aliyeiandika.

Mfano maarufu ni mchezo wa kwanza wa kuwania ubingwa wa dunia kati ya Bobby Fischer, aliyecheza na kete nyeusi, na Boris Spassky, Reykjavik, Iceland, Julai 1972. Katika hatua ya 29 askofu wa Fischer alikula askari wa h2, Spassky akasogeza g3, na njia ya kurudi ikafungwa. Fischer akapeleka askari wake h5, kisha h4, huku mfalme mweupe akikaribia kupitia e2, f3 na g2. Hatimaye askofu akatolewa kwa askari wawili. Injini inayokomea hatua sita, tukihesabu za pande zote mbili, ingeona askari wa bure tu, kwa maana, ukihesabu tangu askofu alipokula h2, mfalme hufika g2 katika hatua ya nane. Fischer alishindwa, ingawa wachambuzi walionyesha baadaye kwamba hata baada ya hapo sare ilikuwa bado inapatikana.

Kwa hiyo anayetaka kuijaribu injini azipime kazi hizo mbili mbalimbali. Amri ya «eval» ya Stockfish hutoa tathmini bila utafutaji, pamoja na ubao unaoonyesha thamani ya kila kete isipokuwa wafalme. Thamani hiyo hupatikana kwa kuiondoa kete na kupima upya, na askofu ambaye kuondolewa kwake hakuibadilishi namba sana ni askofu aliyekwisha kufa kwa hesabu ya mtandao. Kisha utafutaji uongezwe kina hatua kwa hatua, ili ionekane namba inaporomoka wapi.

Hata hivyo namba hizo zisomwe kwa uangalifu. Katika mkao uliotolewa mwaka 2017 na taasisi ya mwanahisabati Roger Penrose, mweusi ana malkia, ngome 2 na maaskofu 3 dhidi ya mfalme na askari 4, na injini za wakati huo zilimpa ushindi mkubwa. Lakini malkia na ngome zake zimefungiwa nyuma ya askari, na maaskofu wote wako kwenye miraba myeusi, kwa hiyo mfalme mweupe akitembea kwenye miraba myeupe mchezo ni sare. Ukiiondoa ngome ya a4 ili kuipima, unampa malkia mraba ambao hakuwa nao, na unachokipima si mkao uleule tena.